Je, Wajua? Kiraka cha Mistari Miwili

Je, wajua kwamba ndani ya simu uliyoishika kuna programu moja ambayo ikiamua jambo, hakuna programu nyingine ya kuizuia? Ni kiini cha mfumo endeshi, ambacho mafundi wanakiita keneli. Keneli ndiyo inayogawa kumbukumbu, inayoamua nani asome faili gani, inayozungumza na kamera, betri na laini ya simu. Programu nyingine zote, kuanzia WhatsApp hadi ile ya benki yako, ni kama wateja wa mgahawa: hawaingii jikoni, wanaagiza dirishani na kusubiri sahani. Mwanya ukipatikana kwenye keneli, ujue kuna mteja ameshaingia jikoni, na kisu anacho.

Je, wajua kwamba simu zote za Android zinaendeshwa na keneli ya Linux, ileile aliyoianza Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu kule Helsinki, Finland? Toleo la kwanza lilikuwa na mistari ya msimbo ipatayo elfu 10. Leo imepita milioni 30. Katika mistari yote hiyo, mmoja tu uliosahaulika unatosha kuwatia watu matatani, na huo mmoja tutauona hivi punde.

Je, wajua kwamba mwaka 1985 Mmarekani Larry Wall aliandika programu ndogo aliyoiita patch, na hadi leo viraka vya Linux vinapokezanwa kwa mtindo uleule? Kiraka ni maandishi ya kawaida kabisa. Mstari unaoanza na alama ya kutoa unafutwa. Unaoanza na alama ya kujumlisha unaongezwa. Basi. Mtu yeyote anayejua kusoma msimbo anaweza kukisoma kwa macho, na ndiyo maana viraka vina raha yake na hatari yake.

Je, wajua kwamba mmoja wa mianya mibaya kabisa ya Linux ulifichuka kwa sababu mteja alilalamika kuwa faili lake halifunguki? Hapa inabidi tutulie kidogo, maana kisa hiki ni cha kipelelezi.

Ilikuwa Aprili 2021, Ujerumani. Max Kellermann alikuwa mhandisi wa CM4all, kampuni inayohifadhi tovuti za watu. Mteja alipakua faili zenye orodha ya waliotembelea tovuti yake, zikiwa zimebanwa ili zisichukue nafasi, na moja ikagoma kufunguka. Kellermann akaichungulia. Data yote ilikuwemo, ila namba ya uhakiki inayokaa mwisho wa faili ilikuwa imeharibika. Akairekebisha kwa mkono, akafunga malalamiko, akaendelea na kazi zake. Nani asingefanya hivyo?

Baada ya miezi, tatizo likajirudia. Kisha tena, na tena. Alipoipekua diski nzima alikuta faili 37 zilizoharibika ndani ya miezi mitatu, na nyingi zilikuwa za siku ya mwisho ya mwezi. Hebu fikiri: diski mbovu haijui kalenda. Kumbukumbu mbovu haijui kama leo ni tarehe 31.

Kingine kilichomshangaza ni kwamba uharibifu ulifanana kila mara. Baiti nane za mwisho zilikuwa zimefunikwa na baiti nane nyingine, zilezile: 50 4B 01 02 1E 03 14 00. Mbili za mwanzo, ukizigeuza kuwa herufi, ni P na K, yaani Phil Katz, Mmarekani aliyebuni faili za ZIP na kuzitia sahihi ya herufi za jina lake. Kwa hiyo kipande cha ZIP kilikuwa kimeandikwa juu ya faili ambalo si la ZIP. Nani kakiandika? Ipo huduma iliyokuwa ikikusanya faili za mwezi mzima na kumtumia mteja kama ZIP moja, na mara tu baada ya faili la siku ya mwisho hufuata jedwali la yaliyomo, ambalo huanza na baiti hizohizo. Fumbo la mwisho wa mwezi likateguka hapo. Lakini huduma hiyo haikuwa na ruhusa ya kuandika kwenye faili zile. Ilikuwa na ruhusa ya kusoma tu.

Mhandisi mwenye adabu hailaumu keneli kabla hajajilaumu mwenyewe. Kellermann alichunguza msimbo wake hadi akabaki na mshukiwa mmoja. Ndipo alipoandika programu mbili fupi za majaribio. Ya kwanza iliandika herufi A tano kwenye faili, tena na tena. Ya pili ililipitisha faili hilo kwenye bomba, yaani njia ya kupitishia data kutoka programu moja kwenda nyingine, kisha ikaandika herufi B tano ndani ya bomba. Hakuna programu hata moja iliyoandika B kwenye faili. Akafungua faili. B zilikuwemo.

Je, wajua kosa lenyewe lilikuwa nini? Ili kuokoa muda, keneli hainakili data kila mara inapoipitisha kwenye bomba. Huelekeza tu kwenye ukurasa wa kumbukumbu ambao tayari unayo nakala ya faili. Kila nafasi ndani ya bomba ina alama zake, na mojawapo husema: hapa unaweza kuendelea kuandika. Nafasi ilipotumika upya, alama ya zamani haikufutwa. Keneli ikasoma ruhusa iliyobaki kutoka kwa mtumiaji aliyetangulia, ikaandika juu ya nakala ya faili ambalo lilikuwa la kusomwa tu. Mtumiaji asiye na cheo chochote angeweza kwa njia hiyo kubadilisha faili la nywila za mfumo na kujifanya bosi wa kompyuta.

Uzembe wa kutofuta alama uliingia mwaka 2016 na haukumdhuru mtu. Mwaka 2020, katika toleo la 5.8, fundi mwingine akasafisha msimbo jirani, kwa nia njema kabisa, na ule uzembe uliolala ukapata meno. Wapitiaji wa msimbo hawakuona, kwa sababu mabadiliko hayo mawili, kila moja ukilitazama peke yake, hayana tatizo.

Na kiraka je? Mistari miwili. Mistari miwili inayofanana: buf->flags = 0; mara moja hapa, mara moja pale. Hakuna kilichofutwa, ni alama mbili tu za kujumlisha. Miezi ya kusaka, kisha dawa ambayo mtoto wa sekondari angeichapa kwa dakika moja. Mwanya huo unaitwa Dirty Pipe, na namba yake rasmi ni CVE-2022-0847.

Je, wajua kwamba kasi ya kuuziba ilikuwa ya ajabu? Kellermann alithibitisha kuwa kosa ni la keneli tarehe 19 Februari 2022. Kesho yake akatuma taarifa, ushahidi na kiraka kwa kamati ya usalama ya Linux. Tarehe 23 matoleo yaliyorekebishwa yalikuwa tayari, na tarehe 24 Google ikaingiza kiraka katika keneli ya Android. Siku tano toka mwanzo hadi mwisho. Lakini wenye simu za Pixel 6, zilizokuwa hatarini, walikipata kwenye sasisho la Mei. Kutoka kwa fundi hadi kwa fundi ni siku, ila kutoka kwa fundi hadi mfukoni mwako ni miezi. Ukinitaka niseme ugonjwa wa fani hii uko wapi, nitakuonyesha hapo.

Je, wajua kwamba safari hii wenye simu kuukuu ndio waliolala usingizi? Dirty Pipe ilihitaji keneli ya 5.8 kwenda juu, na simu nyingi za wakati ule zilikuwa bado na keneli za 4. Waliopata presha ni wenye Pixel 6 na Galaxy S22 mpya kabisa. Usizoee, lakini. Ni nadra ukongwe kumkinga mtu.

Je, wajua kwamba kuna mwanya ambao Torvalds mwenyewe aliwahi kuuziba, kiraka kikaondolewa, na ukarudi kudhuru watu? Unaitwa Dirty COW. Aliporekebisha kosa hilo Oktoba 2016, aliandika wazi katika maelezo ya kiraka kwamba alijaribu kulirekebisha miaka 11 nyuma, tena vibaya, na kwamba kiraka kile kilirudishwa nyuma kwa sababu kilileta matatizo kwenye mashine kubwa za IBM. Kosa likaendelea kuishi kwenye matoleo ya tangu 2007. Aliyelinasa ni Phil Oester, aliyekuwa na mazoea ya kurekodi mawasiliano yote yanayoingia kwenye seva zake. Mdukuzi alipopandisha silaha yake, Oester alikuwa na nakala. Mwaka 2017 ikabainika kwamba kiraka cha 2016 nacho kina tundu. Kikatiwa kiraka kingine.

Je, wajua kwamba mtu aliwahi kujaribu kuchakachua Linux kwa upungufu wa alama moja tu? Novemba 2003, katika nakala ya pembeni ya msimbo, ilionekana mistari miwili ambayo haikuwa na idhini ya mtu yeyote. Kwa haraka ilionekana inauliza: je, mtumiaji huyu ni namba sifuri, yaani mkuu wa mfumo? Kuuliza hivyo katika lugha ya C kunahitaji alama mbili za sawasawa. Pale palikuwa na moja. Kwa alama moja, sentensi haiulizi tena, inaamuru: mfanye huyu awe mkuu wa mfumo. Iligunduliwa kwa sababu nakala hiyo ilitofautiana na ghala kuu la msimbo. Mhusika hajawahi kutajwa.

Je, wajua kwamba mwezi huohuo seva za Debian, mradi unaosambaza mfumo wa Linux, zilidukuliwa kupitia mwanya ambao kiraka chake kilikuwa kimeandikwa tangu Septemba? Waliokiandika hawakutambua kuwa kosa lile ni la kiusalama. Waliliona kama kosa lolote, wakaliweka kwenye foleni ya toleo lijalo. Mdukuzi alilitambua.

Hapo ndipo lilipo tatizo la viraka vya wazi: ukikitoa, umewaonyesha na wabaya pale palipovuja. Wanalinganisha msimbo wa jana na wa leo, wanaiona tofauti, wanajua pa kugonga. Kwa hiyo wenye mifumo hukubaliana kunyamaza kwa muda, kila mtengenezaji aandae chake, kisha watangaze pamoja. Kikundi cha Google kiitwacho Project Zero huwapa watengenezaji siku 90. Kamati ya keneli ya Linux haina subira hiyo. Ikishapata kiraka, hukubali kukificha kwa siku chache tu. Mimi naona Linux wana haki. Siri inayojulikana na makampuni kumi si siri.

Je, wajua kwamba siri kubwa kuliko zote ilivuja kwa sababu viraka vilionekana vya ajabu? Mwishoni mwa 2017 wafuatiliaji wa Linux waliona keneli inafanyiwa upasuaji wa haraka katika msimu wa Krismasi, kwa mabadiliko yanayoipunguzia kasi mashine. Nani anakubali kompyuta yake iende polepole bila sababu? Wakaanza kubashiri. Tangazo lilipangwa tarehe 9 Januari 2018. Ilibidi litolewe tarehe 3. Ilikuwa Meltdown na Spectre, kasoro zilizomo ndani ya vichakato vyenyewe, na kwa kuwa huwezi kuvikusanya vichakato vya dunia nzima uvirudishe kiwandani, keneli ndiyo ililazimika kubeba mzigo.

Je, wajua kwamba Microsoft hutoa viraka vyake kila Jumanne ya pili ya mwezi, utaratibu ulioanza Oktoba 2003? Kwa saa za Afrika Mashariki ni saa mbili au saa tatu usiku, kutegemea majira ya Marekani. Jumatano yake wadukuzi wanakuwa kazini.

Je, wajua kwamba kirusi cha WannaCry, kilichoshambulia kompyuta zaidi ya laki mbili katika nchi takriban 150 tarehe 12 Mei 2017 na kuzivuruga hospitali za Uingereza, kilipita kwenye mwanya uliokuwa na kiraka tangu tarehe 14 Machi? Siku 59 kamili. Kesho yake Microsoft ikatoa kiraka hata kwa Windows XP, mfumo ambao ilikuwa imeacha kuuhudumia tangu 2014.

Haikutosha. Tarehe 27 Juni mwaka huohuo kirusi kingine, NotPetya, kikapita mlango uleule pamoja na njia nyingine, kikaiangusha kampuni ya meli ya Maersk. Seva zinazotunza ramani ya mtandao wao zilifutika duniani kote, isipokuwa moja: ile ya ofisi ya Ghana. Iliponaje? Umeme ulikuwa umekatika kabla ya shambulio, mashine ikawa nje ya mtandao. Intaneti ya pale ilikuwa ndogo mno kutuma data yote kwa mafundi waliokuwa Uingereza, na mfanyakazi wa Ghana hakuwa na viza ya Uingereza, kwa hiyo diski ilipelekwa Nigeria kwa ndege, ikakabidhiwa mfanyakazi mwingine uwanjani, naye akaifikisha London. Wale tunaolalamikia mgao wa umeme tuna haki ya kulalamika. Lakini siku hiyo kukatika kwa umeme kuliokoa kampuni.

Je, wajua kwamba ujumbe wa simu ambao haukubonyezwa uliziba mianya mitatu ya iPhone? Agosti 2016, Ahmed Mansoor, mtetezi wa haki za binadamu katika Falme za Kiarabu, alipokea SMS zinazomwahidi siri za mateso magerezani, na chini yake kiungo. Hakukifungua. Alizituma kwa watafiti wa Citizen Lab katika Chuo Kikuu cha Toronto, na wao ndio waliokifungua, kwenye simu yao ya majaribio. Mwanya wa kwanza ulikuwa katika kivinjari, mwingine ulifichua mahali keneli ilipokaa kwenye kumbukumbu, na wa tatu uliivamia. Siku kumi baada ya kujulishwa, tarehe 25 Agosti, Apple ikatoa iOS 9.3.5. Mansoor alikamatwa mwaka uliofuata na akahukumiwa kifungo cha miaka 10.

Je, wajua kwamba kinga nayo huweza kuangusha? Tarehe 19 Julai 2024, saa moja na dakika tisa asubuhi kwa saa zetu, kampuni ya CrowdStrike ilisambaza faili dogo la sasisho kwa programu yake ya ulinzi inayofanya kazi ndani ya keneli ya Windows. Programu ilitarajia vipengele 21, ikapewa 20. Ilipokwenda kusoma cha 21, ikasoma pasipo na kitu. Kwenye programu ya kawaida, kosa kama hilo hufunga programu hiyo peke yake. Kwenye keneli linaangusha kompyuta nzima. Mashine milioni 8.5 zikaonyesha kioo cha bluu, na ndege zikabaki chini. Faili liliondolewa baada ya dakika 78, ila kompyuta zilizokwisha kuanguka zilibaki zimeanguka, na nyingi zilihitaji fundi wa kuzifuata moja moja.

Ndiyo maana wasimamizi wa seva huogopa viraka kama wanavyoogopa wadukuzi. Na kiraka cha keneli, kwa kawaida, hakifanyi kazi mpaka mashine iwashwe upya. Jeff Arnold wa MIT aliwahi kuchelewesha kiraka kwa kuwa hakutaka kuwakatia watumiaji wake huduma, na wadukuzi wakaingia kabla yake. Hasira hiyo ilizaa Ksplice, njia ya kubadilisha keneli ikiwa inaendelea kufanya kazi: agizo linalokwenda kwenye msimbo mbovu linageuziwa njia, linapelekwa kwenye msimbo mpya, na mtumiaji hajui lolote. Oracle iliinunua mwaka 2011. Tangu toleo la 4.0 la mwaka 2015, Linux yenyewe ina uwezo huo.

Simu yako haina anasa hiyo. Fungua Mipangilio, nenda Kuhusu simu, kisha toleo la Android. Utaona tarehe ya sasisho la mwisho la usalama, na karibu yake namba ya toleo la keneli. Tarehe ikiwa ya miaka miwili iliyopita, simu hiyo isibebe programu ya benki wala barua pepe unayotumia kurejeshea nywila. Ikiwa kuna sasisho linasubiri, usiseme bando ni dogo: tafuta Wi-Fi, chomeka chaji, liache liingie usiku huu, na likiomba kuwasha simu upya, likubalie.